Dakika 25, 52 au 90: mgawo gani wa muda utakufaa unapojisomea?

Kukaa na kitabu saa tatu ni kitu kimoja, kusoma saa tatu ni kingine. Kuna wiki nilijipa zoezi dogo: kila nilipogusa simu bila sababu, au nilipogundua nimemaliza aya nzima na sikumbuki hata neno, niliweka kistari pembeni mwa daftari. Siku ya kwanza tu pembeni pote pakajaa. Nilikuwa nimeinuka mezani najisifu kwamba nimepiga kitabu jioni nzima, kumbe nusu ya jioni nilikuwa nakisindikiza tu.

Dawa inayotajwa na kila mtu ni kugawa muda: soma dakika kadhaa, kengele ilie, pumzika, rudi. Mzozo unaanza ukiuliza ni dakika ngapi. Mmoja atakwambia 25, mwingine 52 (na kwa nini isiwe 50?), wa tatu 90, na wa nne atakwambia achana na kengele kabisa, soma hadi uchoke. Nimezitumia zote nne, nyingine kwa miezi, na msimamo wangu nautoa mapema: idadi ya dakika si hoja kubwa kama inavyofanywa. Angalia kwanza unakwama wapi. Kuna anayeshindwa kuanza, kuna anayeshindwa kuendelea, na kuna anayeshindwa kurudi baada ya kupumzika. Watu hawa watatu ukiwapa mgawo mmoja, wawili utakuwa umewaonea.

Kwani tukisoma mfululizo kuna nini?

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, waendesha rada wa Uingereza walikodolea kioo kwa saa nyingi na kupitwa na alama walizowekwa pale kuziona. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatafuta namna ya kulipima jambo hilo. Aliwaketisha watu mbele ya kitu kama uso wa saa, wenye mshale mmoja unaoruka hatua kwa hatua. Mara chache, mshale uliruka hatua mbili kwa mpigo, na kazi ya mtazamaji ilikuwa kuishika miruko hiyo tu. Zoezi lilichukua saa mbili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba ndani ya nusu saa ya kwanza watu walikuwa wameshaanza kupitwa.

Mwaka 2011, Atsunori Ariga na Alejandro Lleras wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwapa watu 84 kazi ya kuchosha ya dakika 50 mbele ya kompyuta. Makundi mengine umakini wao ulishuka kadiri muda ulivyokwenda, kama ilivyotarajiwa. Kundi lililotolewa kwenye kazi hiyo mara mbili tu, tena kwa muda mfupi sana, halikushuka. Kwa hiyo kilichosaidia hakikuwa usingizi wala saa nzima ya kupunga upepo. Akili ilitolewa kidogo kwenye jambo lile lile, ikarudi ikiwa mpya.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kusoma si kukodolea mshale. Hesabu inayokupa shida inaweza kukushika saa nzima bila kutikisika, na ukurasa wa tarehe na majina ukakushinda dakika ya nane. Ndiyo maana namba moja haiwezi kutosha kila kitu.

25 kwa 5: ya mtu anayeshindwa kuanza

Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na jina lake, Pomodoro, ni nyanya kwa Kiitaliano. Francesco Cirillo alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwishoni mwa miaka ya 1980, masomo yamemshinda kwa kukosa utulivu, akajiwekea dau: je, ninaweza kusoma kweli kweli kwa dakika 10 tu? Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya ili imsimamie. Dau lenyewe hakulishinda mara ya kwanza. Baadaye akatulia kwenye dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na kila baada ya vipindi vinne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, na ndiyo maana wengi wanaiona kama mchezo wa kengele. Njia yenyewe ina masharti. Kipindi hakigawanyiki: ukikikatiza kwa dakika kumi kumjibu mtu, kipindi hicho kimekufa, unaanza kingine kutoka mwanzo. Ukimaliza kazi kabla ya kengele, huinuki. Unarudia ulichosoma hadi muda uishe. Kazi inayohitaji zaidi ya vipindi vitano hadi saba unaivunja vipande, na vile vijikazi visivyofika hata kipindi kimoja unavikusanya pamoja. Halafu kuna sharti ninalolipenda kuliko yote: kila wazo la kukutoa mezani (nimpigie fulani, niangalie matokeo ya mechi, hivi neno hili lina maana gani) unaliwekea alama kwenye karatasi, unaliandika kwa maneno mawili, unaendelea. Hulikatai, unaliambia lisubiri. Baada ya siku chache ile karatasi inakusema vibaya: utaona kwamba mengi ya dharura yale hayakuwa na udharura wowote kengele ilipolia.

Nguvu ya njia hii iko kwenye udogo wake. Mtu aliyeahirisha ripoti kwa siku nne haogopi dakika 25. Anaogopa ripoti. Ukimwambia "andika ripoti" atakumbuka kwamba kabati halijapangwa. Ukimwambia "kaa hapa hadi kengele ilie" anakaa. Na akishakaa, maji ameshayavulia nguo.

Udhaifu wake niliujua nikiwa kwenye hesabu za integrali. Ilikuwa ile aina ya kufanya kwa sehemu mara mbili. Nimeshaandika mistari sita, alama zote ziko mahali pake, na ile integrali niliyoanza nayo imejitokeza tena upande wa kulia, jambo ambalo kwa hesabu za aina hiyo ni dalili kwamba jibu liko mistari miwili mbele. Kengele ikalia. Mimi ni mtiifu. Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi baada ya dakika tano, na nikaikuta mistari sita iliyoandikwa na mtu mwingine. Ilinibidi niisome upya yote ili nione tena kile nilichokuwa nakiona vizuri kabla ya kunywa maji. Kipindi cha pili kikaliwa robo yake na kufufua cha kwanza.

Kwa hiyo 25 kwa 5 naipa alama za juu kwenye msamiati wa lugha, kadi za maswali, kusahihisha, kusoma sura ngumu ambayo huitaki, na kuanza kitu chochote. Kwenye hesabu ndefu, insha na kuandika programu za kompyuta, inakata uzi.

Kuna utafiti unaofaa kutajwa hapa kwa sababu uliwahusu wanafunzi hasa. Mwaka 2023 Felicitas Biwer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maastricht nchini Uholanzi waliwafuatilia wanafunzi 87 waliokuwa wakijisomea. Baadhi walipangiwa mapumziko: dakika 24 za kazi na 6 za kupumzika, au 12 na 3. Wengine waliachiwa wapumzike watakavyo. Walioachiwa huru walisoma vipindi virefu zaidi na wakapumzika muda mrefu zaidi, na wakaeleza kuchoka zaidi, kuvurugika zaidi na ari ndogo zaidi. Kwa kiasi cha kazi kilichokamilika, hakukuwa na tofauti kubwa kati yao. Maana yake waliopangiwa walifika karibu pale pale kwa muda mfupi zaidi, na hawakuwa wamechoka kiasi kile. Matokeo hayo hayakunipendeza, kwa sababu mimi ni wa kundi la watakavyo.

52 kwa 17: namba yenye sifa kuliko uzito

Kampuni ya DeskTime, inayotengeneza programu ya kurekodi muda wa kazi kwenye kompyuta, mwaka 2014 ilichambua takwimu za watumiaji wake. Ikachukua asilimia 10 ya waliozalisha zaidi, ikakuta kwa wastani wanafanya kazi dakika 52 na kupumzika 17. Namba ikasambaa kama amri iliyoteremshwa. Ila wastani ni wastani: haumaanishi kwamba kila mmoja alifanya hivyo. Isitoshe walikuwa watu wa ofisini, wanaolipwa, wenye kazi mchanganyiko. Kampuni hiyo hiyo iliporudia uchambuzi mwaka 2021, namba zikawa 112 na 26. Aliyekuwa ameshaamini kwamba 52 ni siri ya ubongo abaki na mshangao wake.

Ukiiweka sifa pembeni, ndani yake kuna kitu kizuri nacho ni ile 17. Dakika tano zinatosha kunyoosha mgongo. Kumi na saba zinatosha kutoka nje, kutembea, kurudi na kukaa bila kuhema. Kwa mtu anayesoma siku nzima wiki ya mitihani, tofauti hiyo huonekana alasiri, wakati mwenye vipindi vifupi anapokuwa tayari ametafunwa na kuamka na kukaa mara kumi na sita.

Kwa vitendo, wengi huizungusha ikawa 50 kwa 10. Mimi pia. Ni urefu unaotosha kusoma sura, kufunga kitabu na kuandika kwa kumbukumbu ulichokisoma, yote ndani ya kipindi kimoja. Kwenye dakika 25 hatua hiyo ya mwisho ndiyo hukatwa na kengele, na ndiyo yenye faida kubwa. Utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba waliojipima baada ya kusoma walikumbuka zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kusoma tu. Kama mgawo wako wa muda haukupi nafasi ya kufunga kitabu, una kasoro, hata kama kengele yake ina mlio mzuri.

90 kwa 20: ya mtu aliyeshazoea

Hoja ya dakika 90 inatoka kwenye usingizi. Nathaniel Kleitman, ambaye mwaka 1953 akiwa na Eugene Aserinsky walieleza ile hatua ya usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, alipendekeza baadaye kwamba ile mizunguko ya takriban dakika 90 ya usiku inaendelea na mchana pia: mwili unapanda, unashuka, unapanda. Ni wazo linalovutia. Ushahidi wa usiku ni imara. Wa mchana ni hafifu kuliko wanavyodai wauza mbinu za kujiendeleza, na watu hutofautiana sana. Kwa hiyo usikae dakika 90 eti kwa sababu mwili umeumbwa hivyo. Kaa kama kazi inahitaji.

Na kuna kazi zinazohitaji. Kubwa ni mtihani wa majaribio. Kama mtihani wenyewe ni wa saa mbili au tatu, huwezi kujiandaa nao kwa vipande vya dakika 25 pekee. Siku yenyewe hakuna atakayekugongea kengele uende kunyoosha mgongo. Ustahimilivu wa kukaa hujengwa, na hujengwa kwa kukaa. Kuandika insha ndefu ni kazi nyingine. Mimi dakika 15 za kwanza za uandishi huwa nafuta tu, hivyo kipindi cha 25 kingenipa dakika 10 za kazi.

Usipange vingi kwa siku. Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1993 uliowahusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin, walikuta wale bora wanafanya mazoezi ya peke yao kwa takriban saa tatu na nusu kwa siku, na si kwa mkupuo mmoja. Walipumzika katikati na walilala mchana zaidi ya wenzao. Hao ni watu waliojitolea maisha kwa kazi hiyo. Mwanafunzi anayeandika kwenye ratiba yake vipindi vitano vya dakika 90 kwa siku anaandika hadithi. Viwili vinatosha. Cha tatu kwa siku njema.

Inapokwama ni pale ulipo mgeni wa somo, umechoka, au hulipendi. Dakika ya 35 akili imeshaondoka, umebaki kiwiliwili, na hakuna kengele ya karibu ya kukuokoa.

Bila kengele: andika ulipoanza, andika ulipoacha

Ya nne haina namba. Unaandika saa uliyoanza na jina la kazi moja. Unasoma. Ukihisi umakini umevunjika kweli, unaandika saa ya kuacha, unapumzika kwa kadiri ya ulivyofanya. Mimi hugawa kwa tano: dakika 40 za kazi, 8 za kupumzika, 75 za kazi, 15 za kupumzika. Ile integrali yangu ingepona kwa njia hii.

Uzuri wake mkubwa ni daftari linalobaki. Baada ya wiki mbili nilikuwa na safu ya namba zangu mwenyewe: kusoma nadharia, kati ya 20 na 30; hesabu, kati ya 45 na 80; asubuhi ndefu, baada ya mlo wa mchana fupi mno hata aibu kuandika. Hakuna kampuni wala profesa angenipa takwimu hizo.

Ubaya wake unajulikana. Inamtegemea mtu yule yule aliyetuleta kwenye tatizo. Ukiwa na tabia ya kukimbia kazi, "nahisi umakini umevunjika" itakujia dakika ya tisa, kila siku, na itakuwa na sababu nzuri. Na ukiwa wa kuzama, utasahau kupumzika, utainuka baada ya saa tatu shingo imekauka, na jioni nzima imekwisha. Wale wanafunzi wa Maastricht walioachiwa huru wanafanana nasi. Simshauri anayeanza aanze na hii.

Kwa anayetaka kuziona kwa pamoja:

| Mgawo | Inakufaa ukiwa | Kazi inayoendana nayo | Inapokuangusha |
|---|---|---|---|
| 25 kwa 5 | unaahirisha, unaogopa kuanza | msamiati, kadi, marudio, kazi usiyoipenda | hukata wazo katikati |
| 50 kwa 10 au 52 kwa 17 | unaanza vizuri ila unaishiwa mapema | sura ya kitabu pamoja na kujipima | mapumziko hujirefusha |
| 90 kwa 20 | umezoea kukaa, kazi inahitaji kuzama | mtihani wa majaribio, insha, programu | siku ya uchovu hugeuka adhabu |
| Bila kengele | unajijua na unajiandikia ukweli | hesabu ndefu, uandishi | hukusamehe haraka |

Mapumziko yenyewe

Hapa ndipo mbinu zote nne hufia, na ndipo watu hupazungumzia kidogo kuliko pote. Nikilazimika kuchagua kati ya mgawo mbaya wenye mapumziko mazuri na mgawo mzuri wenye mapumziko ya simu, nitachukua wa kwanza bila kusita.

Mwaka 2009 Sophie Leroy alieleza jambo ambalo kila mwanafunzi analijua bila kulipa jina: ukihama kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka, hasa kama uliacha bila kumaliza. Sasa fikiria mapumziko ya dakika tano kwenye simu. Umefungua ujumbe, mtu amekuuliza jambo, umejibu nusu, kengele imelia. Unarudi kwenye kitabu na yule mtu ukiwa naye mezani. Mshika mawili, na lililomponyoka ni lile la mtihani.

Linganisha na kufumba macho na kukaa kimya. Michaela Dewar na wenzake mwaka 2012 waliwasomea wazee hadithi fupi mbili. Baada ya moja, waliwaacha wapumzike kimya kwa dakika 10 gizani. Baada ya nyingine, waliwapa mchezo wa kutafuta tofauti kwenye picha. Siku saba baadaye, hadithi iliyofuatwa na ukimya ilikumbukwa vizuri zaidi. Washiriki hawakuwa wanafunzi wa mitihani, sawa, lakini kufumba macho ni bure na ukikosa faida hujapoteza kitu.

Kati ya hayo mawili kuna kutembea, kunyoosha mwili, kuosha vyombo, kuchungulia dirishani. Yote yanafaa kwa sababu moja: yana mwisho. Huwezi kuosha sahani ile ile kwa dakika arobaini. Video zinazojileta zenyewe moja baada ya nyingine hazina mwisho, zimetengenezwa zisiwe nao, na kushindana nazo kwa dakika tano ni kujitafutia aibu.

Kwa yule aliyekwisha kuumizwa na kengele ya katikati ya hesabu, kuna njia ya kupona bila kubadili mgawo. Kabla ya kuinuka, andika mstari mmoja wa hatua inayofuata. Mimi pembeni mwa ile mistari sita ningeandika (I ndiyo ile integrali iliyojitokeza tena): "peleka I kushoto, gawa kwa 2." Maneno machache, sekunde kumi, na mtu anayerudi baada ya dakika tano anakuta barua kutoka kwa aliyeondoka. Siku hizi siinuki bila barua hiyo, hata nikiwa nasoma historia.

Kengele ya simu au saa ya jikoni?

Saa ya jikoni. Ningeweza kuishia hapo, ila nitoe sababu. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walieleza majaribio yaliyoonyesha kwamba simu kuwa mezani tu, hata ikiwa kimya, ilipunguza uwezo wa akili ukilinganisha na simu ikiwa chumba kingine. Waliorudia majaribio ya aina hiyo baadaye hawakupata matokeo yanayofanana wote, kwa hiyo siijengei nyumba juu yake. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji maabara: ili kuizima kengele ya simu lazima uishike simu. Umeshaishika, mkono unajua njia.

Saa ya kuzungusha kwa mkono ina faida nyingine ndogo, ile tiki-tiki. Wengine inawatuliza kama mvua juu ya bati. Mwenzangu mmoja alikaa nayo siku moja tu, akaifungia kabatini. Kama nawe ni wa namna hiyo, kipima muda cha kidijitali kisicho na intaneti kinatosha, au saa ya kwenye kompyuta kama kompyuta ndiyo unayoitumia kusomea. Programu za simu zinazopanda mti wa picha kila unapomaliza kipindi zinawasaidia baadhi ya watu kwa wiki chache. Nilikuwa na msitu mzima na mtihani niliufanya vibaya, kwa hiyo si shahidi wa haki.

Ungenilazimisha nikuchagulie

Kama hujawahi kutumia mgawo wowote, anza na 25 kwa 5, kwa masharti yake yote pamoja na karatasi ya alama, siku saba. Ukiona kengele inakukuta bado unataka kuendelea, mara tatu au nne kwa siku, hiyo ni ishara ya kuhamia 50 kwa 10. Ukiona unaitazama saa kabla haijalia, shuka hadi 15. Hakuna anayekuhesabia, Cirillo mwenyewe alianzia 10.

Kama shida yako ni kurudi baada ya mapumziko, usiguse dakika za kazi. Badilisha mapumziko kwanza, simu iende chumba kingine, na uandike ile barua ya mstari mmoja. Karibu kila aliyeniambia kwamba vipindi vimemshinda, nikimuuliza alipumzika akifanya nini, jibu huwa lile lile.

Kama umebakiza wiki tatu kufika mtihani, changanya: vipindi vifupi kwa kukariri, na mara mbili kwa wiki kaa muda kamili wa mtihani na maswali ya miaka iliyopita, bila kuinuka. Hiyo ya pili isisubiri wiki ya mwisho. Wiki ya mwisho ukigundua kwamba huwezi kukaa saa mbili, hutakuwa na muda wa kujifunza kukaa.

Mimi nimetulia hivi: asubuhi bila kengele, kwa sababu asubuhi najiamini. Baada ya mlo wa mchana 25 kwa 5, kwa sababu sijiamini hata kidogo. Usiku 50 kwa 10, viwili tu, halafu kitabu kinafungwa.

Na mkisoma kikundi, kubalianeni mgawo mmoja na mtu mmoja ashike saa. Chagueni kwa kumfuata anayechoka mapema kuliko wote, si kwa kumfuata anayejisifu. Akichoka mmoja ataanza kuongea, na mkishaanza kuongea, hakuna kengele itakayowarudisha.